Mwanamke wa Jaladani Hakuzima Taa

Juzi nilikuwa Columbus, kwenye duka la vitabu vikuukuu, nikamwona tena kwenye jalada la katuni ya zamani: mwanamke mwenye gauni jeupe la kulalia, nywele timtim, miguu mitupu, anakimbia jumba kubwa lenye dirisha moja tu linalowaka taa. Nikainunua katuni ile papo hapo. Halafu, rafiki yangu, hasira ikanipanda upya, maana nilikuwa njiani kwenda kwa shangazi yangu.

Nilipokuwa na miaka kumi tulipanga nyumba ya mbao mtaa wa West Side, mjini Buffalo, iliyovuja baridi kila upande. Darini nikakuta sanduku zima la katuni hizo za zamani, za mapenzi na majumba ya kutisha. Hadithi za ndani zilikuwa upuuzi mtupu: binti anaajiriwa kwenye jumba, anamshuku bwana mwenye nyumba kurasa zote, ule wa mwisho anaolewa naye. Lakini majalada! Aliyeyachora alijua woga ni nini.

Nyanya, mama yake baba, tuliyeishi naye, hakujua Kiingereza. Alikuwa akichambua maharage jikoni, akaliona jalada la kwanza, akacheka kwa dharau.

"Huyu mwanamuke eko nakimbia, mutoto yake eko wapi? Na ile taa? Bon, mwenye kukimbia anazimaka taa kwanza."

Kila jalada lilimfungua kidogo. Kabla ya hapo hakuwahi kumsimulia mtu jinsi walivyokimbia vita kule kwetu milimani, hata wanawe. Kwa jalada la tatu aliniambia walizima moto wa jikoni kwa maziwa, maana maji yalikuwa yamekwisha. Kwa la saba aliniambia kwamba katika vurugu ile mtoto mmoja alisahauliwa ndani, amelala, na yeye Nyanya akarudi peke yake kumchukua huku nyumba ya jirani ikiungua. Mtoto huyo alikuwa shangazi.

Kesho yake shangazi, mama wa maombi, akalifuma sanduku.

"Mashetani mu nyumba ya mama yangu!"

Akachana majalada yote, moja moja, akaniachia kurasa za ndani eti nijifunze Kiingereza. Nyanya alimtazama, kisha akarudia maharage yake. Nilipompelekea kurasa zilizobaki alizisukuma kando. Hakusimulia tena mpaka tulipomzika. Nilimchukia shangazi, na bado namchukia.

Basi juzi, nilipofika kwa shangazi, nikaiweka katuni mezani kwake, karibu na birika la chai, nikingoja aichane. Hakuichana. Aliliangalia jalada mpaka chai ikapoa.

"Mama alikuwa anakuambiaka nini juu ya huyu mwanamuke?" akauliza. "Miye hakuniambiaka kitu. Sijue hata nani alinibebaka siku ile."

Nyumba ya West Side imebomolewa. Nyanya hayupo, majalada yaliishia jalalani, na hadithi imebaki kwa mtu mmoja tu duniani, mimi. Macho ya shangazi yalikuwa yamejaa machozi.

"Sikumbuki," nikamjibu kwa Kiingereza, nikairudisha katuni mkobani.