Watoto Saba wa Kijiji Kizima

Wenzangu mliokula michembe, vile viazi vikavu, na kukimbia pekupeku enzi za Mwingereza, hebu niambieni: kwenu mlikuwa watoto wangapi? Sisi, kijijini kwetu upande wa Ntalikwa, tulikuwa saba. Kijiji kizima! Tukicheza kombolela, wote tulikwisha kuonekana kabla hata mtafutaji hajatoka jasho. Na wazee walisema kijiji hicho, kilichokuwa kando ya njia ya misafara, zamani kilijaa watoto hata wapagazi wakalalamikia kelele.

Basi sisi saba tulideka! Kila nyumba ilitaka tule kwake: karanga za kuchemsha, asali ya porini, ugali wa mtama na mlenda. Wanawake waligombania kunisuka. Watoto wa leo, wanaopigwa picha mia kabla hawajajua kukaa, wangetuonea wivu. Nilidhani tunapendwa tu.

Aliyenifumbua macho ni shangazi Kalunde, dada mdogo wa baba. Asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi hivi, alikuja na mkeka kichwani, macho yamevimba. Mama mkwe wake alikuwa amemfukuza mbele ya majirani: "Miaka sita anakula ugali wangu, hata kilio cha kichanga sijakisikia!" Mumewe, Mihambo, alisimama pale pale asiseme neno. Huyo Mihambo alikuwa amekata mkonge Tanga, kama wanaume karibu wote wa kwetu, waliokwenda kutafuta fedha ya kodi. Baba naye alikwenda, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Baba alikasirika, akampeleka shangazi hospitali mjini, nami nikafuatana nao. Mganga alimpima, kisha akataka mume aletwe. Wiki iliyofuata tukarudi, Mihambo akitembea mbele ya baba kama mtu aliyekamatwa. Mimi nilikaa barazani, mlango ukiwa wazi.

"Huko kambini kwenye mkonge, uliwahi kuumwa ukikojoa?" mganga alimwuliza.

"Kidogo, bwana. Ikapita."

"Haikupita. Ni kisonono, na mkeo umempa wewe. Kimekaa mno bila dawa, kimemharibu kizazi. Nitawatibu nyote wawili, lakini mtoto, sidhani."

Shangazi hakulia. Alimtazama Mihambo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Lakini aliyenishtua zaidi ni baba. Alikaa sakafuni, mtu mzima yule, mikono kichwani.

"Mimi pia," alisema. "Mimi pia niliugua vile."

Mama alinizaa kabla baba hajaenda mkonge. Baada ya hapo, hakupata mwingine. Na kwa sababu hiyo baba alikuwa amemrudisha kwao mara mbili.

Jioni alimkuta mama jikoni anasonga ugali. "Mama Mwashi, wewe huna kosa," akasema, akimwita kwa jina langu. "Kosa ni langu."

Mama aliweka mwiko chini. "Mara mbili nilipita njiani na mzigo kichwani, watu wote wakinitazama. Leo unaniambia jikoni? Kawaambie nao."

Akaenda. Baba, mtu mwenye haya kama nini, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wanaume waliotoka mkonge wakapimwe. Wengine walimtukana, wengine walikwenda. Shangazi hakurudi kwa Mihambo. Alikaa nasi, wakanilea yeye na mama mpaka nikaolewa.

Kwa kijiji, tulikuwa tumechelewa. Mwalimu wa kanisa alifunga darasa kwa kukosa wanafunzi. Mashamba yakageuka msitu. Mpaka leo nikikumbuka maiti ya mzee ikibebwa na wazee wenzake wanne, magoti yanawatetemeka, mwili unanisisimka.

Juzi mjukuu wangu anayeishi mjini, Kanyenye, aliniambia, "Bibi, huyu mtoto mmoja ametosha. Ada, kodi ya nyumba, kazi, nitawaweza wapi wengine?" Nusura nidondoshe kikombe. Mmoja! Sisi tuliomlilia wa pili mpaka machozi yakakauka! Nikamgeukia mumewe nimkemee.

"Tulikaa wote wawili tukakubaliana, Bibi," akasema kwa upole.

Nikamalizia chai yangu. Bado sijazoea, nawaambia kweli, na nyumba yao naiona kimya mno. Lakini katika wanawake wote wa kijiji chetu, simkumbuki hata mmoja aliyewahi kukaa na mumewe wakakubaliana.