Msiba wa Siku ya Mechi

Ningesema Lindi, pengine yasingenikuta. Mtu akikwambia amefiwa Lindi unampa pole, unachanga kidogo, unamtakia safari njema. Lakini ulimi hauna mfupa. Jumamosi ile asubuhi, nimesimama nyuma ya meza yangu ya viatu vya mitumba pale Mchikichini, simu sikioni, nikasema Magomeni.

Naitwa Shaibu. Nimezaliwa Lindi, nikaletwa Dar nikiwa na miaka tisa, na aliyenilea ni shangazi yangu, Bi Mgeni, dada wa marehemu baba, kwenye nyumba yake ya Magomeni. Viatu nimeuza miaka kumi na saba, na timu nimeishabikia zaidi ya hapo. Katika tawi letu la Kariakoo mimi ndiye mpiga ngoma. Miaka kumi na miwili sikukosa mechi hata moja ya nyumbani. Harusi yangu yenyewe ilisogezwa wiki nzima kupisha mechi ya watani. Sisemi haya kwa kujisifu, maana la kujisifia sina tena.

Msimu huu timu ilipofika hatua ya mtoano ya Afrika, viongozi wakapandisha kiingilio. Mzunguko, kule tunakokaa sisi walalahoi, ulitoka elfu tano ukaenda elfu kumi na tano. Mechi iliyotangulia tulijibana tukaingia, na bado nusu ya viti vilikuwa vitupu. Kesho yake kiongozi mmoja akasema redioni kwamba mashabiki tumepoteza mapenzi na timu. Mapenzi! Mtu anaruka chakula cha mchana siku tatu ili aione timu, halafu anaambiwa hana mapenzi.

Tukaitisha kikao. Mwenyekiti wetu, Elimringi, ni Mchaga muuza ndoo na mabeseni kwa jumla, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Akauliza tufanye nini. Niliyesimama ni mimi. Nikasema tususe.

"Kama wanapenda viti kuliko watu, basi viti vishangilie vyenyewe!"

Watu wakapiga meza kwa furaha. Tukakubaliana kwamba siku ya mechi wote tutakaa barazani kwenye tawi, jezi tumezigeuza nje ndani, tusikilize redio, na asiingie mtu uwanjani hata kwa dawa. Walipoambiwa wanyooshe mkono wanaokubali, mimi nilinyoosha yote miwili.

Ijumaa akaja mezani kwangu Robert, mteja wangu anayefanya kazi kwenye ofisi moja eneo la Posta, katikati ya mji. Huwa namtafutia raba kubwa kubwa, maana miguu yake si ya kawaida. Akaniambia ofisini kwao wamegawiwa tiketi ishirini za VIP, za bure, na hakuna anayezitaka.

"Watu wana mambo yao wikiendi, kaka. Chukua moja."

Mdomo wa kusema sitaki nilikuwa nao. Nikaipokea, nikaificha ndani ya boksi la viatu chini ya meza, na usiku kucha sikuwaza wenzangu bali mpira.

Asubuhi nikaanza kutafuta uongo. Kuumwa nisingeweza kusema, maana Selina, mwanatawi mwenzetu ambaye meza yake ya magauni imepakana na yangu, alikuwa ananiona mzima kabisa. Ndipo nikampigia Elimringi.

"Mwenyekiti, nimepata msiba. Shangazi yangu wa Magomeni."

"Yule Bi Mgeni? Aliyesimamia pilau ya harusi yako pale nyumbani kwake?"

"Huyo huyo."

"Pole sana, ndugu yangu. Mazishi saa ngapi?"

"Leo leo, baada ya alasiri. Lakini msijisumbue, mwenyekiti. Ninyi endeleeni na baraza. Jambo la tawi lisiharibike kwa ajili yangu."

Yalikuwa maneno ya mnafiki, lakini yeye aliyapokea kama maneno ya shujaa. Nilipokata simu nikamwona Selina amejishika mdomo, machozi yanamlengalenga. Akaniambia, "Jamani, Shaibu, bibi wa watu!" Hapo ningeweza kusema kweli, mambo yakaishia kwenye kicheko. Nikampa mgongo, nikafunika viatu vyangu kwa turubai, nikaondoka na tiketi yangu mfukoni.

VIP kuna kivuli na viti vizuri, sikatai. Lakini chini yangu mzunguko wote ulikuwa rangi za viti tu, safu kwa safu, na watu wawili watatu wametawanyika. Uwanja ulikuwa kimya mpaka nilimsikia kipa wetu akiwaita mabeki wake kwa majina. Tulipokosa bao la wazi nikasimama, nikaanzisha wimbo wetu kwa sauti yangu yote. Hakuitikia mtu. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna korosho akanigeukia, akanitazama, akarudia korosho zake. Nikakaa. Aibu ilinipata papo hapo, kabla hata sijajua makubwa yanayonisubiri. Nimewatoa wenzangu uwanjani kwa mdomo wangu, halafu mimi nimekuja kukaa juu ya nafasi zao.

Mapumziko nikawasha simu nipige picha. Ujumbe wa Selina ukaingia.

"Tuko kwa shangazi yako watu kumi na tisa. Yuko hai, anakuna nazi. Hatujamwambia kitu. Uko wapi?"

Nilisoma mara tatu. Kwani mimi ni mgeni wa mji huu? Sijui kwamba huku ukitaja msiba watu wanakuja? Kumwambia Mswahili asije msibani ni kumkumbusha aje. Baraza walikuwa wamelivunja. Jezi wamevua, kina mama wamejifunga kanga, na Elimringi kafunga duka. Mchaga kufunga duka la jumla Kariakoo siku ya Jumamosi, ujue jambo limemgusa. Na watu hao hao walioshindwa kiingilio walikuwa wamechanga rambirambi.

Sikungoja kipindi cha pili. Nje nikakuta lango limefunguliwa, watu wanaingia mbio bila tiketi. Wameamua kufungulia mbwa mapema ili mzunguko usionekane mtupu kwenye televisheni. Jamaa mmoja akanishika mkono. "Kaka, unatoka wakati ni bure?" Nikajinasua, nikapanda bodaboda.

Magomeni niliwakuta uani. Wanaume wameketi mkekani na vikombe vya chai, wanawake wanamsaidia shangazi kumenya mihogo. Nilipoingia, vikombe vikawekwa chini. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba! Na wewe umekuja? Leo nina bahati." Alikuwa anafurahi kweli, na mikono yake imejaa machicha. "Tazama wenzako wamekuja kunijulia hali. Wewe tangu Ramadhani hujakanyaga hapa."

Nikaketi ukingoni mwa mkeka. Shangazi akapunguza sauti, lakini wote walimsikia.

"Ila Shaibu, hawa watu wana jambo. Huyu mwenyekiti wako namwona anatoa bahasha, anairudisha. Nikiwauliza wamekuja kwa lipi, wanatazamana. Kuna nini?"

Ni nani wa kumwambia mama mtu mzima kwamba tumekuja kukuzika? Elimringi alikuwa anatazama miguu yake. Angeweza kunianika pale pale, na haki alikuwa nayo. Akainua kichwa, akasema, "Hakuna kitu, mama. Tumekuja kukusalimia tu."

Yule ni mtu anayemwambia mteja kwamba ndoo hii ina ufa, chukua ile. Alikuwa anadanganya kwa ajili yangu mbele ya wanatawi wote, na uso umemwiva. Hilo ndilo sikuliweza.

"Shangazi," nikasema, "mimi niliwaambia kuna msiba."

"Kafa nani?"

"Wewe."

Selina akafunika uso kwa kanga. Shangazi akaacha kukuna.

"Mimi? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka kwenda mpirani, na tulikubaliana tusiende."

Nikangoja anitukane, au anipige na kile kifuu cha nazi. Hakufanya hivyo. Alijifuta mikono polepole kwenye kanga yake.

"Uliwaambia nazikwa saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

Akawatazama wanatawi mmoja mmoja, kuanzia Elimringi mpaka wa mwisho pale mlangoni, watu ambao wengi wao alikuwa hajui hata majina yao.

"Hawa wote wamewahi," akasema. "Asiyekuja kunizika ni mtoto niliyemlea."