Diski Moja ya Harusi na Moshi wa Udi

Nilikwenda matangani na flashi mfukoni. Nakiri mapema, maana ninyi mnaousoma ukurasa huu kwenye ubao wa shule kabla ya kengele ndio hao hao mnaosambaza habari mitaani. Bi aliyekuwa akipiga video za harusi za wanawake hapa mjini amefariki, Mungu amrehemu. Alivushwa kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kwenda hospitali akilalamika kwamba nahodha anaendesha kama kaiba boti, na hakurudi akilalamika tena. Siku hiyo ya matanga wanaume walikuwa wamejaa barazani, wengine wakisoma, wengine wakisinzia kwa adabu. Mimi nikapenya mpaka dakani, pale ukumbini mwa mlango, nikamtuma mtoto amwite binti wa marehemu. Aliposimama nyuma ya pazia nilimpa pole, na kabla pole haijapoa nikamuuliza kama mamake ameacha kopi ya harusi ya dada yangu. Akasema, "Kopi? Mama alikuwa akishakabidhi harusi, aifuta kama afutavyo meza. Yangu pia aliifuta."

Sasa mniambie, nisikasirike vipi? Mnajua harusi za wanawake wetu zilivyo. Simu zote hukusanywa mlangoni, tena na shangazi mkali, na kamera inayoingia ni ya Bi peke yake. Kazi ikiisha, anamkabidhi mama wa bibi harusi diski moja, halafu anafuta kila kitu kwenye kompyuta. Watu walimwambia zama zimebadilika, awatumie kwa simu. Akawajibu kwamba video ya simu hufika kisiwa cha Manda kabla bibi harusi hajamaliza kupakwa hina, lakini diski lazima ibebwe na mtu, na aliyeibeba anajulikana. Sitara ni jambo jema, sibishi. Ila wahenga walisema mficha uchi hazai, na nadhani walikuwa wakizungumzia kopi. Mwalimu msimamizi wa ukurasa huu amenionya nisimtanie marehemu. Simtanii. Namgombeza.

Maana ni yeye aliyenifundisha. Vidole vilipoanza kumuuma aliniita nimbonyezee kompyuta, kwa sharti moja: nikae nyuma ya skrini, nisione kitu. Basi yeye alikaa mbele akitazama, mimi nyuma, kibodi mapajani, natazama waya na vumbi. Kazi ilikuwa kubana video. Harusi ikijaa vizuri huwa kubwa kuliko diski za kawaida zinazouzwa hapa, kwa hiyo lazima uamue kila kipande kipewe data kiasi gani kwa sekunde. Hiyo ndiyo bitreti. Ukikipa kipande nyingi, picha inatakata. Ukikinyima, nyuso zinageuka vigae. Na kwa kuwa diski haiongezeki, ukimpa huyu umemnyima yule. Bi alikuwa akisema, "Ongeza. Ongeza tena. Basi. Hawa wameketi tu kama magunia, wapunguze." Nikiinua shingo hata kidogo, ananikata: "Mato yako huko huko kwenye waya." Nimefanya kazi kwenye harusi nyingi kuliko kadhi, na sijaona hata moja.

Tena msidhani alikuwa mwadilifu. Kuna bi mmoja alisema hadharani kwamba kamera ile inanenepesha watu. Harusi iliyofuata, kila alipotokea bi huyo, nilisikia amri ya upole mno: "Hapa punguza, mwanangu. Punguza tu." Diski ilipofika nyumbani kwao akaja juu, amebeba ushahidi mkononi, anauliza kwa nini wenzake wote wana nyuso na yeye ana ukuta wa matofali. Bi akamwambia kamera haina kosa, ni yeye hatulii. Nilicheka mpaka nikachomoa waya bila kukusudia. Lakini baadaye niliwaza, na sikupenda nilichokiwaza: kumbe kukumbukwa vizuri au vibaya kunaweza kutegemea kidole cha mtu mmoja na ugomvi wa juzi.

Diski ya dada ilianza kukwama wakati Bi yuko hospitali. Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Dada kaolewa mbali, na nyanya, mama yake mama, alifariki miezi michache baada ya harusi ile. Hakuwa mtu wa kupigwa picha. Mahali pekee alipobaki akitembea na kugeuza shingo ni mle ndani ya diski, na mama alikuwa akiitazama kila Ijumaa, mlango umefungwa. Akasema tumngoje Bi apone, ndiye atakayetengeneza nyingine. Mimi, fundi wa nyuma ya skrini, nikaona kwa nini tungoje? Nitamshangaza.

Mama alipokwenda sokoni nikaigeuza skrini ya kompyuta ya kaka itazame ukuta, maana nyanya ni nyanya yangu lakini waliomzunguka si nyanya zangu. Diski ikasomeka mara hiyo moja, kwa kukoroma, nikainakili kwenye kompyuta, na haikusomeka tena. Diski tupu niliyonunua ilikuwa ndogo kuliko ile ya Bi, ikabidi nibane upya, na programu yenyewe ina kitufe cha kuipima video na kugawa bitreti bila kusumbua mtu. Nilikizima. Niliona fundi aliyefundishwa na Bi hawezi kuachia mashine. Nikagawa kwa masikio: penye ngoma na vigelegele nikamimina, penye kimya nikabana mpaka mwisho. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilipomaliza kuichoma video kwenye diski mpya nikafuta faili la asili nipate nafasi. Nikapiga na mluzi.

Wakati wa ngoma, kumbe, Bi aliiweka kamera mezani ikitazama pazia, akaenda kula. Mama aliniambia hivyo baadaye, na kwamba kwenye diski yangu uzi wa pazia hilo unaonekana mmoja mmoja. Na kile kimya kilikuwa cha nyanya, akimzungushia dada chetezo, akimsomea dua kwa pumzi tu, chumba kimejaa moshi wa udi. Moshi hautulii hata kidogo. Hakuna kitu kinachokula bitreti kama moshi.

Nimemlaumu Bi kwa kufuta, nimeilaumu chumvi, nimelilaumu shangazi la mlangoni na kikapu chake cha simu. Lakini hata Bi, na vinyongo vyake vyote, hakupunguza mtu bila kwanza kumtazama. Ningemsubiri mama arudi sokoni, nikamkalisha mbele ya skrini aniambie "ongeza", mimi nikakaa nyuma na waya zangu. Asiyeruhusiwa kuona asikatae kuambiwa. Hilo ndilo nililolipata kwa marehemu, na nimelipata kwa kuchelewa.

Nilitoka matangani na flashi yangu tupu, nikamkuta mama chumbani na diski niliyoitengeneza. Siku zote mlango ule hufungwa. Safari hii ulikuwa wazi, na moshi wa nyanya ulikuwa umesimama kwenye televisheni, vigae vya kijivu kutoka ukingo hadi ukingo. Nikafumba macho kwa mazoea, nikabaki kizingitini. Mama akasema, "Fumbua mato, mwanangu, njoo utazame nawe. Humu hamna tena mtu wa kusitiriwa."