Kitambaa Juu ya Kope

Nilichokiona kwanza kwa mng'arishaji wa karakana yetu ya vifaa vya upasuaji hapa Sialkot, Pakistan, ni kwamba kila kitambaa kipya hukipitisha juu ya kope, jicho limefumbwa, kana kwamba anajibembeleza alale. Msasa huupima kwa kidole gumba.

“Ustadhi, huo ni usingizi au kazi?” humtania Shagufta, mfungashaji wetu.

“Punje moja tu ya mchanga, binti yangu, na mkasi umekwaruzika. Wewe cheka tu.”

Wiki iliyopita Ustadhi alikataa vitambaa tisa kabla ya kugusa mikasi myembamba ya hospitali ya macho, ambako mama yake alikuwa akisubiri kupasuliwa jicho. Amekwisha kupasuliwa, na kesho asubuhi bandeji inafunguliwa. Leo anasugua sinia la chai kwa kitambaa laini kuliko vyote, ili mama akifumbua jicho, ajione humo.