Dumuzi Niliowapeleka Laela Mfukoni

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini nimegundua huku kwetu inasimuliwa kila mahali bila mimi, na kila anayeisimulia ananivua nguo moja zaidi, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe mjue nilibaki na nini na sikubaki na nini. Ni kweli nilivua nguo pale Laela, mchana, mbele ya wauzaji na wanunuzi wa mahindi, mzee mzima mwenye wajukuu. Na chanzo chake ni kifuniko cha chupa.

Kuna binti mmoja mtafiti wa wadudu, anaitwa Rehema, amepanga Katandala mjini Sumbawanga, kazi yake ni kuzunguka vijijini akiangalia mahindi yetu yanaliwa na nini yakiwa ndani. (Mwanzoni nilidhani anatutania, mtu usome miaka yote ile halafu uje kuchungulia kihenge changu, lakini nilipomwona amekaa chini kwenye vumbi anapekua punje kwa kibano, kama mtu anayechagua mchele wa sikukuu, nikasema huyu kazi yake anaipenda.) Mdudu anayemfuatilia hasa ni dumuzi. Asiyemjua dumuzi ana bahati. Ni kidudu cheusi cheusi, hakifiki punje ya mchele, kinatoboa hindi, kinatoboa gunzi, kinatoboa mpaka miti ya kihenge chenyewe, na ukimwachia msimu mzima anakusagia mahindi bila mashine na unga wenyewe haufai. Mimi ndiye niliyemwonyesha Rehema magunzi yaliyotobolewa kama chujio la chai, tena namwelekeza kwa kidole kabisa. Yeye hakusahau.

Basi akaniomba nimkusanyie dumuzi walio hai kutoka kwenye mahindi yangu yaliyobaki ya mwaka jana, niwapeleke mjini, kwa sababu anawafuga ili ajue wanashindwa na hifadhi ipi. Akanipa chupa ya kioo na kifuniko alichokitoboa katikati akabandika wavu mwembamba wa chuma. Akasema, "Babu, ukishawaweka, funga na hiki hiki." Nikamwambia hilo halina neno.

Alipoondoka nikakigeuza kile kifuniko mkononi. Kifuniko chenye tundu. Sasa wewe unamfungia mdudu mdogo namna ile kwa kitu chenye tundu, huo si ni mlango umemwachia? Mimi tangu nizaliwe nimeona chupa ya mafuta ya taa imezibwa kwa gunzi, ya asali imezibwa kwa gunzi, kibuyu cha mbegu za ulezi gunzi, na sijawahi kusikia mtu analalamika. Nikachonga gunzi zuri, nikalisokomeza mpaka likalia, na kile kifuniko nikakitundika ukutani maana kilikuwa kipya na sikutaka kukiharibu. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Chupa nikaitia kwenye mfuko wa koti langu ili nisiisahau, koti likakaa kwenye msumari mpaka Jumatatu.

Jumatatu ndiyo lori lililokodiwa na kikundi chetu cha wakulima lilikuwa linapeleka mahindi mapya Laela, na mimi nilichaguliwa kwenda kusemea (wananichagua kwa sababu naongea sana, wanafikiri kuongea sana na kuongea vizuri ni kitu kimoja). Nikaona ni safari mbili kwa nauli moja, nauza mahindi Laela, kisha napanda basi la Sumbawanga na chupa ya Rehema. Alikuja pia Yustina, mke wa marehemu mdogo wangu, shemeji yangu. Nyumba yake ni ya nyasi, mvua iliyopita maji yalikuwa yanaingia mpaka wanapolala watoto, na mahindi yale ndiyo yalikuwa mabati yake, hana kingine. Magunia yake yalipakiwa mwisho, kwa hiyo yakawa ya kwanza kuonekana.

Huku juu mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, koti hulivui. Lakini tulipofika Laela jua lilikuwa limeshapanda, nami nilikuwa nimekaa juu ya magunia njia nzima, koti limepata joto kama mkate. Nilihisi kitu kinanitembelea ubavuni, nikajua ni jasho.

Mnunuzi wetu ni kijana wa Tunduma, Osea, ana adabu ila mahindi hayachezei. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," akachukua bambo, kile kichuma cha kuchomea gunia, akachoma la Yustina, punje zikamwagika kiganjani mwake. Hapo ningenyamaza tungekwisha mapema. Mimi nikaingiza mkono wangu mwenyewe kwenye mdomo wa gunia hilo hilo, uliokuwa umefunguliwa, nikachota, nikazimimina mbele yake toka juu ili zing'ae, huku nasema, "Kijana, haya ni mapya kabisa, hapa mdudu hata wa dawa humpati."

Osea akatazama kiganja changu. Akasema taratibu, "Na hawa je, mzee?"

Walikuwa wawili, wanatembea. Wa tatu akadondoka kutoka kwenye mkono wa koti wakati nawatazama.

Nilijua papo hapo. Niliugusa mfuko, nikasikia gunzi limekuwa jepesi, ukilibonyeza linabonyea. Na hapo badala ya kusema kweli nikasema, "Hao watakuwa wa kwenye lori. Lori hili linabeba vitu vingi."

"Lori la kwangu, baba," dereva akajibu, "nimelifagia jana."

"Gunia hili la nani?" Osea akauliza.

"Langu," Yustina akasema.

"Mama, samahani. Dumuzi siingizi ghalani kwangu. Shusheni yote ya huyu mama, ya wengine nitayakagua."

Yustina hakubishana naye. Alianza kulimwaga gunia lake kwa mkono, kidogo kidogo, kwenye turubai, anapekua, watu wamesimama wanaangalia, na wabebaji wameshaanza maneno yao, "Kijiji hicho sasa wanauza na kitoweo humo humo." Aliniangalia mara moja tu. "Shemeji, mahindi haya tumepukuchua wote. Wewe ulimwona dumuzi?"

Hapo likanishinda. Nikasema kwa sauti, "Dumuzi ni wangu. Nimekuja nao mimi."

Mtadhani nilisema kweli na mambo yakaisha. Osea akacheka kwa upole, akaniwekea mkono begani. "Mzee, najua unamwonea huruma shemeji yako, lakini usijibebeshe." Na watu wakaitikia kwamba naam, huyu mzee ana roho nzuri. Nikiwaambia ni wangu, wanazidi kunisifu. Ikabidi nitoe chupa.

Gunzi lina matundu matundu, dumuzi mmoja amechomoza kichwa anaangalia Laela.

"Unatembea na dumuzi kwenye chupa," Osea akasema, na yule "mzee" hakurudi tena mdomoni mwake. "Unakuja nao mpaka kwenye mahindi yangu. Nani kakutuma? Wale wanunuzi wa upande ule wa barabara?"

"Nimetumwa na mtafiti."

"Mtafiti wa nini?"

"Wa dumuzi."

Mbebaji mmoja akakaa chini kwa kicheko. Nikatoa simu yangu ya tochi, nikampigia Rehema, Osea akaibonyeza mwenyewe ili wote wasikie. Nikaeleza. Akasema, "Babu, kifuniko changu kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, mama. Kizima."

"Kwa hiyo ulifunga na nini?"

Uwanja mzima unasikiliza. "Gunzi," nikasema.

"Gunzi. Babu, si wewe uliyenionyesha magunzi?"

Waliocheka sitawataja, ni wote. Lakini yule binti hakucheka, au alicheka pembeni. Alimwambia Osea, "Kaka, chukua chekeche, chekecha hayo mahindi ya mama. Dumuzi wakiwa wamezaliana humo ndani utaona unga wao na punje zenye matundu. Ukikuta mdudu mtupu bila unga, basi ni wa babu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe babu usiguse gunia lolote. Vua nguo zote, zikung'utwe mbali na zianikwe juani. Mpaka soksi. Waliobaki kwenye chupa wamefanyaje?"

"Wamekufa, mama."

"Hawajafa, wanajifanya tu. Hata hao usiwaamini."

Nikaenda nyuma ya lori kuvua. Nilivua koti, sweta, shati, suruali, soksi, nikabaki na kaptula ya ndani (nasisitiza kaptula, maana kuna wanaoninyima hata hiyo), baridi ya kivulini inanipiga, ila nimejificha vizuri. Upande wa pili nasikia chekeche linatikiswa, chwa, chwa, gunia moja, jingine, jingine. Halafu nikamsikia Osea anasema, "Hakuna unga. Punje nzima zote. Mama, mahindi yako safi, sogezeni kwenye mizani."

Nilifurahi kweli. Nilikuwa bado nafurahi dereva alipowasha lori akalisogeza kwenye mizani.

Wauza maandazi wananiona, abiria wa basi lililosimama kando ya barabara wananiona, mimi nimeshika soksi. Yustina ndiye aliyekuja mbio na kanga yake ya pili, akanizungushia bila kunitazama, akasema, "Shemeji, kaa hapo, usiongee na mtu." Nikakaa. Jua lilinichukua muda mrefu kuwamaliza wale waliokuwa kwenye mishono ya koti, na basi la Sumbawanga likaniacha.

Yustina alinunua mabati siku ile ile, na sasa mvua ikinyesha kwake ni kelele tu za juu. Rehema alikuja mwenyewe kuchukua dumuzi wengine, akawafunga mwenyewe.

Na mimi nimeapa sibebi tena mdudu mfukoni. Kusemea kikundi bado nasemea, hilo hawakuniondolea, lakini Yustina aliweka sharti kwenye mkutano na hakuna aliyempinga, wala mimi. Siku ya kupeleka mahindi Laela, lori linatangulia, na mimi nafuata nyuma kwa bodaboda, mbali kidogo, nauli najilipia, na vumbi lote la njiani ni langu.