Nyumba ya Leso

Mama yangu alipanga nyumba kwa leso zake za kujifunga. Kabla fundi hajagusa ubao alizitandaza sakafuni, hii iliyokunjwa ikiwa kochi, ile ndogo ikiwa meza, na sisi watoto tukaamriwa tuishi nazo kana kwamba ni mbao na sponji kweli. Aliyekanyaga kochi alirudishwa mlangoni aingie upya.

"Maze, umekalia meza!" kaka yangu alinipigia kelele, naye mwenyewe kasimama katikati ya kabati.

Tulikaa mtaa wa Eastlands, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye chumba na sebule, na sebule yenyewe ukipiga chafya ukuta unakurudishia. Baba alifanya kazi reli. Alitaka sofaseti kubwa kama ya jirani yetu, ile iliyokataa kupita mlangoni mpaka dirisha likang'olewa. Tangu siku ile watu wa nyumba hiyo walipita kiubavu wakienda kulala, na mtaa mzima ukawasifu. Mimi hadi leo nawaonea huruma.

Baba hakusukumwa na tamaa tu. Mama yake, nyanya yetu, alikuwa ameletwa mjini kutoka kijijini kwao Magharibi kutibiwa miguu, akawa anakaa kwa shangazi kule mtaa wa Tena. Kwetu alikuja mara moja. Tulimketisha kwenye kochi letu la pekee, dude refu la kwenda juu tulilouziwa na mtu aliyekuwa anahama. Akakumbatia mkoba wake mapajani, akanywa chai nusu kikombe, akaomba arudishwe. Kila alipoalikwa tena alikuwa na udhuru, na sasa ilibaki kidogo arudi nyumbani. Baba aliamini mama yake ameidharau nyumba. Jambo hilo lilimuuma sana.

"Nitanunua viti vya maana," alisema. "Mama hawezi kurudi ushago akisema mwanawe anaishi kama kibarua."

"Baba watoto, wewe uliangalia uso wake," mama akamjibu. "Mimi niliangalia miguu. Ilikuwa inaning'inia."

Baba hakukubali, ila kwenda kwa fundi alimwachia mama.

Kwa fundi, mama hakwenda na futi. Aliweka kiganja chini kidogo ya goti lake, pale kilipomfikia kigoda cha mama mkwe wake kijijini, akasema kiti kiishie hapo. Halafu akatandaza leso moja chini. Hiyo ndiyo nafasi kati ya kiti na meza, mtu anyooshe miguu bila kuomba ruhusa.

"Mathe, hivi viti ni vya watoto wa nasari?" fundi aliuliza akicheka.

Mama alimwambia atengeneze kwanza, kucheka atacheka akimaliza.

Viti vilipita mlangoni bila kugusa fremu, kila kimoja kikakaa mahali pa leso yake. Baba aliviona vidogo, akaona haya. Mimi niliona chumba nisichokijua. Kulikuwa na mahali pa kupita, mwanga wa dirisha ulifika hadi mlangoni, na vitambaa alivyofuma mama vilifunika migongo ya viti bila kuning'inia kama taulo. Mtu hujikuna ajipatapo, lakini mama alijua hasa mkono wake unafika wapi. Nimeingia nyumba nyingi za wenye pesa tangu wakati huo, na sijaona tena jicho kama lile.

Nyanya alikuja Jumapili, kwa kuwa shangazi alishikilia kwamba hawezi kuondoka mjini bila kuaga. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani. Baba akaanza kumweleza mambo ya reli, haraka haraka, kama mtu anayeziba pengo. Nyanya akajisogeza nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mgongo wake ukapata pa kuegemea. Nyayo zake zilikuwa sakafuni. Alizitazama. Akavua viatu, kimoja kwa kidole cha mguu wa pili, akainyoosha miguu yake mibovu kwenye ile nafasi ya leso. Kisha akauweka mkoba chini.

Baba akaziacha habari za reli njiani, akautazama ule mkoba.

"Mwanangu," nyanya akamwambia mama, akisukuma kikombe kitupu, "niongezee chai."

Mama aliinuka. Lakini baba, ambaye hatukuwahi kumwona akimmiminia mtu chai, alikuwa tayari ameshika birika.