Ugonjwa Wangu Waliambiwa Wengine

Mama zangu, mliniombea wakati sikujua kama nitaamka. Leo nasimama mbele yenu nikiwa mzima. Mimi ni Kahindo. Kabla ya ugonjwa nilikuwa nauza viazi na vitunguu kutoka kijiji cha Kipese, hapa Butembo, na gunia nililibeba mwenyewe. Mnanijua: mtu akinipunguzia bei bila kuombwa, napapasa gunia lake mpaka chini.

Damu ilianza kutoka nje ya siku zangu. Mwanzo kidogo, halafu mabonge mazima. Nilikuwa nafunga vitenge viwili ndipo niende sokoni, na nikisimama macho yanaingia giza. Mume wangu, Paluku, alinipeleka hospitali. Wakanipima, wakanipiga ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Kisha daktari akasema, "Mama, toka kidogo, tuongee na mzee." Nikatoka. Ndivyo tulivyozoea, mke anangoja kwenye benchi.

Paluku alitoka akiangalia viatu vyake. "Hapana kitu mukubwa. Ni damu tu inapunguka mu mwili. Utakunywa dawa."

Nikanywa, damu haikukoma. Lakini kuliko damu, kilichonitia wasiwasi ni upole. Mama mkwe, ambaye tangu nizae binti wa pili alinisalimia kwa mbali, alikuja na kuku aliyempika mwenyewe. "Kula, mwanangu, upate nguvu. Mungu atatupatia muvulana." Kuku mzima, wangu peke yangu! Dalili ya mvua ni mawingu. Nilimla, siwezi kudanganya, lakini kila kipande nilikitilia shaka.

Jumapili moja, baada ya ibada, muuguzi alitangaza kwamba sheria ya afya imebadilishwa: mwanamke mzima anaelezwa ugonjwa wake mwenyewe, na akikubali kupasuliwa, neno lake linatosha. Sikumwamini. Sisi wa huku tumeona mageuzi mangapi? Yanakuja na magari, yanaondoka na magari. Hata hivyo nilimwomba dada yangu Masika anisindikize, tukaenda hospitali bila kuaga.

Daktari yule yule alishangaa. "Lakini mama, tulisha kuelezea bwana yako! Uko na uvimbe mukubwa mu kizazi. Inafaa tukupasue, tutoshe kizazi yote. Yeye alisema familia itafikiri kwanza."

"Ifikiri nini?"

Nikakumbuka kuku wa mama mkwe. Nikaelewa. Walikuwa wanangoja mtoto wa kiume kutoka kwa mtu anayekufa. Nililia kwa hasira.

"Docteur, mi ndo niko natoka damu. Nimekubali. Ile sheria ni ya kweli, ao ni ya kutangaza tu ku kanisa?"

Akajikuna kichwa. "Ni ya kweli, mama. Sisi ndo hatujaizoea."

Daktari wa kupasua alikuwa mjini Beni. Tulikwenda kwa gari, Masika akinishika kila tulipoingia kwenye shimo, na njiani, pale Kalunguta, nilizimia. Waliniongezea damu, wakanipasua. Niliamka kinywa kikavu, tumbo likiwaka moto, nikadai nionyeshwe walichotoa. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto.

Paluku alifika kesho yake. "Unisamehe. Mama alisema tungoje."

"Na wewe ulisema nini?"

Akaangalia viatu vyake, kama siku ile. Nimemsamehe, lakini akiongea sasa namtazama machoni.

Namshukuru Mungu, na Masika, na muuguzi yule niliyedhani anatudanganya. Kidonda kimepona, gunia nalibeba tena, ingawa si lile kubwa. Dada zangu, damu isiyokoma si aibu ya kufichwa kwenye kitenge. Ingieni kwa daktari mwulize wenyewe. Wakiwajibu kwa upole mno, ulizeni tena.

Juzi binti yangu mkubwa aliumwa tumbo. Tulipoketi hospitali, daktari alinigeukia mimi na kuuliza, "Inamuuma wapi?"

Nikamwambia, "Uliza mwenye tumbo."